Kobe wa Papert na Njia Yake ya Kufika Eastlands

Mtoto wa Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akiingia saiba, akafungua programu ya Scratch na kutafuta pale pa kuchagua lugha, atateremka na orodha ndefu mpaka akutane na jina la nyumbani: Kiswahili. Akilichagua, vipande vya amri ambavyo huunganishwa kimoja kwa kimoja kumwendesha paka wa rangi ya machungwa vitamsemesha kwa maneno anayoyaelewa. Paka huyo ana babu. Babu mwenyewe ni kobe aliyezaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa waliomzaa alikuwamo mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeitwa Seymour Papert. Papert na wenzake walibuni lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba na watu wazima wengi hawajaiona hata kwa picha. Huku kwetu mambo yalikuja kinyumenyume: vifaa vilitangulia, na lugha ikafuata miaka mingi baadaye.

Papert alizaliwa Pretoria tarehe 29 Februari 1928, siku ambayo kalenda humrudishia mwenyewe mara moja tu kila miaka minne. Baba yake alikuwa mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akimfuatilia mbung'o, kwa hiyo miaka ya kwanza ya mwanawe ilipita porini, upande wa mashariki wa nchi, familia ikiifuata kazi ilikokwenda. Kabla hajatimiza miaka miwili, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa tayari anavitaja vipuri vya gari kwa majina. Baadaye kidogo akaielewa difu. Makanika wa Grogan, Nairobi, wanaijua difu kwa mikono yao: ni ule mkusanyiko wa gia unaoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Kilichomvutia mtoto ni kwamba difu haina jibu moja. Mzunguko unaotoka kwenye shafti waweza kugawanyika kati ya magurudumu kwa namna nyingi, kutegemea upinzani ambao kila gurudumu linakutana nao.

Alipofika darasani na kukuta jedwali la kuzidisha, aliliona kama gia kubwa inayoisukuma ndogo. Alipokutana na mlinganyo wenye herufi mbili zisizojulikana, alikumbuka difu na akajiona yuko kwa wenyewe. Jambo hilo alilieleza katika dibaji ya kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, na ni vyema kuangalia alilifikisha wapi, maana mtu mwingine angetoka hapo na kupendekeza kila shule inunue sanduku la gia. Papert alisema kwamba yeye aliipenda gia, na mapenzi hayafundishwi kwa ratiba. Mtoto mwingine atapenda ngoma, wa tatu kuchora, wa nne ndege. Kilichohitajika ni kitu kimoja kinachoweza kugeuka kuwa gia kwa huyu, ngoma kwa yule. Kompyuta, aliamini, ndiyo chombo hicho.

Lakini tusiharakishe kufika kwenye kompyuta. Papert alikulia Johannesburg katika nchi iliyokuwa ikiufanya ubaguzi kuwa sheria. Akiwa angali mwanafunzi wa shule alijaribu kupanga madarasa ya jioni ya kuwafundisha kusoma watumishi weusi wa majumbani, wakubwa wakamkatalia. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand alisoma falsafa, kisha mwaka 1952 akapata udaktari wa hisabati, huku akijulikana kuwa mpinzani wa utawala wa makaburu walioshika madaraka mwaka 1948. Mwaka 1954 aliondoka kwenda Cambridge, Uingereza.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi katika msako dhidi ya wapigania uhuru ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands kama Bahati, Ziwani, Kaloleni na Shauri Moyo ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakapakiwa kwenye malori kuelekea kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Shule huru za Wakikuyu zilikuwa zimekwisha kufungwa tangu 1952. Nayaweka mambo haya pamoja kwa sababu swali lililomsumbua Papert kijana, la nani anaruhusiwa kujifunza na nani anayetoa ruhusa hiyo, huku Eastlands lilikuwa likiulizwa na wanafunzi waliokuta mlango wa darasa umefungwa kwa kufuli la serikali.

Kutoka Cambridge, alikochukua udaktari wa pili wa hisabati mwaka 1959, Papert alikwenda Geneva kufanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyekuwa ametumia miongo mitatu kuwasikiliza watoto. Alikaa huko kuanzia 1958 hadi 1963. Piaget alikuwa amegundua kwamba ukimimina maji kutoka kwenye glasi pana hadi kwenye glasi nyembamba, mtoto mdogo husema maji yameongezeka, na huyo mtoto hakosi akili. Ana nadharia yake, ameijenga mwenyewe kutokana na anayoyaona, na ataibomoa mwenyewe siku ataijenga bora zaidi. Papert alilichukua wazo hilo kisha akauliza swali ambalo mwalimu wake hakulitilia uzito: mtoto anajengea kwa vifaa gani? Vitu viwili viwili vimejaa kila mahali, viatu, macho, mikono, na kwa hiyo mtoto hujifunza kuhesabu bila kusukumwa. Vitu vya kumjengea fikra za ndani zaidi za hisabati havimzunguki. Huenda basi tatizo halimo kichwani mwa mtoto. Huenda limo katika mazingira aliyopewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, kwa mwaliko wa Marvin Minsky. Hapo wawili hao waliongoza maabara ya akili bandia na mwaka 1969 wakachapisha Perceptrons, kitabu cha hisabati kuhusu mipaka ya mitandao ya awali ya neva bandia, ambacho wapo wanaokilaumu mpaka leo kwa kuzima utafiti huo kwa miaka mingi. Ugomvi huo una wasimulizi wake. Kilichomvuta Papert zaidi kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, katika kampuni ya Bolt, Beranek na Newman, ambako Wally Feurzeig aliongoza kikundi kilichotaka kujua kama watoto wanaweza kuandika programu.

Lugha iliyotoka kwenye mazungumzo hayo mwaka 1967 iliitwa Logo. Jina alilitoa Feurzeig, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha neno au fikra. Papert ndiye anayetajwa mara nyingi kama mbunifu wake, na kwa kweli wazo la msingi lilikuwa lake, lakini Feurzeig, Cynthia Solomon na Daniel Bobrow walikuwa mezani tangu mwanzo. Solomon hasa aliendelea na Logo kwa miongo kadhaa, akiwafundisha watoto na kuwafundisha walimu, na simulizi nyingi humtaja mara moja kisha zikaendelea na safari. Walianza na lugha ya Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958 kwa watafiti wa akili bandia, wakaipunguzia mabano yake mengi na kuivika maneno ya kawaida.

Uamuzi mkubwa katika ubunifu huo ni mmoja. Katika Logo, mtoto huifundisha kompyuta neno jipya. Akiandika neno ambalo mashine hailijui, haimfokei kwa nambari ya kosa. Inamjibu kwamba haijui namna ya kufanya jambo hilo. Basi yeye huieleza: neno "mraba" maana yake ni kwenda mbele hatua 100, kugeuka kulia nyuzi 90, na kurudia hivyo mara nne. Kuanzia hapo "mraba" ni neno halali, sawa na yale waliyoyaweka wabunifu, na laweza kutumika ndani ya neno jingine, na hilo ndani ya jingine. Mtoto wa miaka kumi anakuwa mbunifu mwenza wa lugha. Lugha nyingine iliyowahi kutengenezwa kwa wanafunzi, BASIC ya John Kemeny na Thomas Kurtz wa Dartmouth, ilitoka mwaka 1964, na kompyuta ndogo za bei nafuu zilipoanza kuuzwa ndizo zilizoibeba, kwa kuwa ilienea kwenye kumbukumbu yao finyu. Papert hakuipenda. Aliifananisha na mpangilio wa herufi kwenye taipureta, uliowekwa kwa sababu za kiufundi za zama zake kisha ukabaki kwa mazoea hata sababu hizo zilipokwisha.

Logo ya kwanza haikuwa na kobe. Watoto wa shule za Massachusetts waliotangulia kuitumia walichezea maneno: programu za kutunga sentensi za kuchekesha, na programu za kugeuza Kiingereza kuwa ile lugha ya siri ya watoto inayohamisha mwanzo wa neno kuupeleka mwisho. Yeyote aliyewahi kusema kinyume na wenzake, akigeuzageuza silabi ili wakubwa wasielewe, anajua kwa nini mtoto angekesha na kazi kama hiyo.

Kobe alifika mwishoni mwa muongo huo. Alikuwa mashine ya mviringo yenye magurudumu, iliyotembea sakafuni ikiwa imefungwa kwa waya kwenye kompyuta, na tumboni mwake kalamu inayoweza kushushwa au kuinuliwa. Jina lilitokana na kobe wa umeme aliowaunda William Grey Walter huko Bristol mwishoni mwa miaka ya 1940. Punde si punde akapata ndugu yake wa kwenye kioo, pembetatu ndogo inayochora mistari ya mwanga. Amri zake zilikuwa za mtu anayemwelekeza mgeni njia: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Hakuna jedwali wala mihimili miwili yenye namba. Mtoto asiyejua amwambie nini kobe aliambiwa asimame, acheze kobe, atembee mwenyewe sakafuni na kuangalia mwili wake unafanya nini. Papert aliona kwamba mtoto tayari anajua jiometri nyingi, ila ameihifadhi miguuni.

Chukua kazi ya kuchora nyumba, mfano unaotokea katika Mindstorms. Mtoto amekwisha fundisha neno "mraba". Sasa anataka paa, na paa ni pembetatu yenye pande sawa. Kitabu cha hesabu kimemwambia pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60 kila moja. Anaandika: mbele 100, kulia 60, mara tatu. Kobe anachora kitu kisichofunga, kama upande mmoja wa bakuli. Kitabu hakikudanganya, na kobe hakukosea. Mtoto akiicheza njia hiyo kwa miguu yake hugundua kwamba kobe anayefika kwenye ncha lazima ageuke kwa pembe ya nje, nyuzi 120, ndipo aelekee upande unaofuata. Na akizidisha 120 kwa tatu anapata 360, namba ileile anayoipata kwa 90 mara nne ya mraba. Kumbe kila umbo linalofunga, kobe akilizunguka mara moja bila kukata njia yake mwenyewe na kurudi alikoanza, amegeuka nyuzi 360. Hiyo ni nadharia kamili ya hisabati, na mtoto ameiokota njiani akitafuta paa. Halafu anapounganisha paa na mraba, mara ya kwanza paa huangukia ndani ya nyumba.

Kwa Papert, paa lililoanguka ndani ndilo somo. Shule aliyoijua yeye, na ile tuliyoijua sisi tuliokaa madawati ya mbao ya baraza la jiji, hulichukulia kosa kama mwisho: mkwaju mwekundu, alama moja chini, swali linalofuata. Mwandishi wa programu hana anasa hiyo. Programu yake karibu kamwe haifanyi kazi mara ya kwanza. Kwa hiyo haulizi kama amepata au amekosa, huuliza hitilafu iko wapi. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu paa, Papert alitumaini, ataanza kuuliza hivyo kuhusu hesabu zake za kugawanya na hata kuhusu mambo yake mwenyewe.

Aliandika pia kwamba hakuna anayeshangaa mtoto wa Ufaransa kujua Kifaransa. Basi na tuwajengee watoto nchi ambayo lugha yake ya mtaani ni hisabati. Msomaji wa Buruburu hahitaji kwenda Paris kumwelewa. Mtoto aliyehamia kutoka kijijini muhula wa kwanza huwa ameshashika Sheng kabla ya muhula wa tatu, bila kitabu wala mtihani, na mwalimu wa Kiswahili akijitahidi kumzuia.

Sura ya mwisho ya Mindstorms inakwenda Brazil. Papert alikuwa ameona zile ziitwazo shule za samba za Rio de Janeiro, vilabu ambamo mabingwa na wanaoanza, vikongwe na watoto, hukutana kujiandaa kwa kanivali. Hakuna daraja la wanafunzi. Kila mmoja anajifunza kwa kuwa kuna onyesho la kweli linalokuja na kila mmoja ana sehemu yake. Alitamani mazingira ya namna hiyo kwa kompyuta, na alikiri kwamba hakujua yatakavyozaliwa.

Wakati kitabu hicho kikitoka, mfano mwingine ulikuwa ukigonga nyundo mchana kutwa Kamukunji, kando ya Gikomba, mwanzoni kabisa mwa Eastlands. Anayepita Landhies Road husikia Kamukunji kabla ya kuiona. Mafundi wa jua kali hukaa chini wakiwa wamezungukwa na mapipa yaliyopasuliwa na mabati mapya, na kutoka hapo hutoka karai, toroli, jiko, bomba la kumwagilia maua, na lile sanduku la bati ambalo kila mwanafunzi wa bweni nchini Kenya amewahi kulikalia. Kijana anayeingia kazini haanzi na sanduku. Ananyoosha bati lililopinda, anashika upande mmoja mkubwa wake akikata, anatumwa riveti, anatazama. Siku moja anapewa kifuniko. Akipima vibaya, kifuniko hakifungi, na hakuna haja ya mtu kumwekea mkwaju mwekundu. Bati lenyewe limeshasema. Anairudia nyundo, ananyoosha, anakunja tena. Jiometri ya kulikunja bati bapa likawa kisanduku chenye pembe za mraba ni jiometri ya kobe hasa, imewekwa kwenye kitu kinachouzika.

Hata jiko la Kenya la bati na udongo, lile lenye kiuno chembamba, lilipitia njia hiyo. Lilipoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuazima wazo la jiko la ndoo la Thailand, muundo ulikwenda na kurudi kati ya wataalamu na mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo mpaka likapatikana umbo ambalo fundi anaweza kulitengeneza kwa zana zake na mama mboga akamudu kulinunua. Katikati ya muongo huo Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji na kuagiza mafundi wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua lililowapa jina. Sitaki kuipamba sana Kamukunji. Kelele zake huua masikio, vidole hukatika, na wapo vijana walionyooshea wengine mabati kwa miaka bila kufundishwa zaidi. Lakini Papert aliyekuwa akitafuta mahali ambapo ujuzi unapita kutoka mkono hadi mkono bila kengele ya kubadilisha vipindi, angekaa hapo siku nzima.

Afrika alirudi, ila kwa upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Ufaransa ilianzisha Paris kituo cha kimataifa cha kompyuta, na Papert pamoja na Nicholas Negroponte, mwenzake wa MIT, wakajiunga nacho. Mradi mmoja wa kituo hicho ulipeleka kompyuta za Apple II na Logo kwa watoto wa Dakar, Senegal. Kituo kiliingiliwa na mivutano ya siasa na Wamarekani wakaondoka upesi. Costa Rica ilikuwa hadithi tofauti: kuanzia 1988, Wakfu wa Omar Dengo ulieneza Logo katika shule za msingi za umma, na uliwekeza kwanza kwa walimu, ukiwapa muda wa kucheza, kukosea na kupika miradi yao wenyewe kabla hawajasimama mbele ya watoto.

Huko Marekani mambo hayakuwa mepesi. Logo iliingia katika maelfu ya madarasa, na katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Chuo cha Bank Street, New York, Roy Pea na Midian Kurland, walipima kama watoto walioandika programu kwa Logo walipanga mambo yao vizuri kuliko wenzao. Hawakuona tofauti ya maana. Papert alijibu mwaka 1987 kwamba kuuliza Logo inamfanya nini mtoto ni kukosea swali, kwa sababu kifaa peke yake hakifanyi kitu. Hufanya watu na utamaduni wanaokitumia. Jibu hilo lina ukweli, lakini pia linamwacha mkosoaji bila pa kushika. Ukiwa umewaahidi watu mabadiliko makubwa kiasi kile, ni haki yao kuuliza yako wapi. Hata hivyo vipindi vingi vilivyopimwa vilikuwa vya saa chache kwa wiki, mwalimu akiwa mbele ya darasa kwa hatua moja tu.

Mbegu ilibebwa na wanafunzi wake. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilishirikiana na maabara yake MIT mpaka mwaka 1998 ikauza matofali yenye kompyuta ndani kwa jina la Mindstorms, kutoka kwenye kitabu. Mitchel Resnick, aliyesoma chini yake, aliongoza kikundi kilichotoa Scratch mwaka 2007. Scratch iliondoa adha ya mwisho iliyobaki katika Logo, ile ya kuandika amri kwa herufi na kukosea tahajia: amri zikawa vipande vinavyoingiliana, na kipande kisichofaa hakiingii. Kobe akawa paka, na mtoto akaweza kumpa paka wake mwenziwe wa bara jingine amchukue na kumbadilisha.

Papert mwenyewe alikuwa na ndoto moja zaidi. Mwaka 2005 Negroponte alitangaza mpango wa kipakatalishi cha dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini, na Papert alikuwa mmoja wa baba zake wa fikra. Novemba mwaka huo, katika mkutano wa Tunis, mfano wa mashine hiyo ulionyeshwa mbele ya Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, na mkono wa mashine wa kuzungushia umeme ukavunjika. Bei nayo ilipanda ikakaribia dola 200. Rwanda iliupokea mpango kwa moyo kuliko nchi yoyote ya kanda yetu, ikanunua mashine zaidi ya 100,000.

Tarehe 5 Desemba 2006 Papert alikuwa Hanoi, Vietnam, kwa mkutano wa ufundishaji wa hisabati. Alikuwa akizungumza na mwenzake jinsi ya kuunda kwa kompyuta mfano wa msongamano wa pikipiki za mji huo, zinavyopishana bila anayeziongoza, walipokuwa wakivuka barabara. Pikipiki ilimgonga. Alipata jeraha kubwa la ubongo, na miaka yake iliyobaki ilikuwa ya matibabu na ya kujizoeza upya. Alifariki nyumbani kwake Blue Hill, jimbo la Maine, tarehe 31 Julai 2016.

Mwaka huohuo vifaa vilianza kufika shule za Kenya. Katika kampeni ya 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilizua kesi na ikafutwa. Mpango uliofuata ulizigawia kazi kambi mbili, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP SA Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH. Vishikwambi zaidi ya milioni moja viligawanywa kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, zile za Eastlands zikiwamo, na umeme ukavutwa mpaka shule ambazo hazikuwahi kuwa na taa. Ukiyasoma magazeti ya miaka ile utaona taifa zima likijadiliana kuhusu bei, wizi, vyuma vya madirishani, chaja na waya. Mtoto atafanya nini na kishikwambi, hilo lilipewa nafasi ndogo. Ndani yake mlikuwa na masomo yaliyokwisha tayarishwa: kugusa, kusikiliza, kuchagua jibu. Katika shule nyingi vilifungiwa kabatini ili visiibwe. Costa Rica ilikuwa imeanza na mwalimu; sisi tulianza na mnunuzi.

Nje ya darasa kulikuwa na waliotangulia. NairoBits, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa ikiwachukua vijana wa mitaa duni ya Eastlands na kuwafunza kujenga tovuti, kazi yenye mteja na tarehe ya kukabidhi. Serikali ilifika upande huo taratibu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili, na Kenya ikasifiwa kuwa ya kwanza barani kufanya hivyo. Kuidhinisha silabasi na kuwa na mwalimu aliyewahi kukaa na programu isiyofanya kazi mpaka usiku ni mambo mawili, na la pili haliandikwi kwenye gazeti rasmi.

Halafu likatokea jambo ambalo sijui kama aliyeliamua alilikusudia. Shule ya sekondari ya msingi ilipoanza mwaka 2023, wanafunzi walikuwa na masomo 14, na wazazi na walimu wakalalamika kwamba ni mzigo. Jopo la rais la mageuzi ya elimu likapendekeza yapunguzwe hadi 9. Sayansi ya kompyuta haikuachwa isimame peke yake. Iliunganishwa na stadi za biashara na mafunzo ya awali ya kiufundi, yale ya kupima, kuchora na kushika chuma na mbao, yaliyokuwa yamefifia tangu karakana za mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 zilipofungwa. Yote sasa yamo katika somo moja, kwa kawaida mikononi mwa mwalimu mmoja, ambaye pengine alisomea biashara tu au kompyuta tu. Katika kitabu kimoja cha gredi ya nane mtoto anakuta zana za kukatia bati, na kurasa kadhaa mbele anakuta programu. Anayesoma shule za Jogoo Road akitaka kuona kurasa za kwanza zikifanya kazi, Kamukunji ni mwendo wa miguu. Za pili zitamhitaji mwalimu aliyepewa muda wa kuzichezea kwanza, na muda huo bado haumo katika ratiba.